Mlinzi wa Bwawa Namba Nne

Mukhisa wa Sifuna hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu midomo ya watu wa Kibomet naijua. Ukiwauliza leo watakwambia mzee yule alijitakia, na watasema huku wanakula. Waache. Wale wale ndio waliompigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Alikuwa mkaguzi wa vyama vya ushirika kwa miaka ishirini na saba. Kiwanda cha maziwa kilipokufa alikuwepo, maghala ya mahindi yalipoliwa na watu kabla ya panya alikuwepo, na kila mara alisikia neno lile lile: usijali, ni pesa ya serikali. Neno hilo lilimchoma. Alipostaafu na kujenga Kibomet, hapo ukingoni mwa mji wa Kitale, alianzisha umoja wa walipa kodi. Wanachama walikuwa kumi na tisa, wote wazee, wote wakali.

"Hakuna kitu kinaitwa pesa ya serikali," angesema, kidole juu. "Iko pesa ya mama anauza sukuma sokoni. Serikali imeingiza mkono kwa kitambaa chake, ikachomoa. Sasa niambie, imempelekea nini?"

Ukijaribu kumjibu umekwisha. Mwaka ule wa 2004 serikali mpya ilikuwa inazunguka nchi ikikusanya maoni ya kufufua uchumi, na Mukhisa aliona Mungu amemkumbuka. Aliandika waraka juu ya waraka. Mwanawe wa pekee, Sifuna, alikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi mjini, na kila Jumamosi alimpigia babake chapa bure, akimtania, "Baba, wewe unataka serikali ibane mkanda, na mimi wino unanimaliza." Mzee angecheka. Tangu mkewe afariki, kijana huyo na mkewe Roselyne ndio waliokuwa watu wake duniani, na alimpenda Sifuna kwa namna ambayo wanaume wa rika lake hawasemi kwa mdomo. Jina lenyewe lilikuwa la babake Mukhisa. Kwao Kamukuywa, kama kwa Wabukusu wote, mtu akifa jina lake halizikwi, hupewa mtoto, na huyo mtoto hutunzwa maradufu kwa sababu amembeba mtu.

Basi siku moja, katika ofisi moja ya umma pale Kitale, afisa kijana aitwaye Ndung'u alimfungulia orodha ya kazi zote zinazolipwa na ofisi ile. Mukhisa alishuka nayo kwa rula, mstari kwa mstari. Karani, dereva, fundi bomba, kila kazi na sababu yake pembeni. Kisha rula ikasimama.

Mlinzi, Bwawa Namba Nne. Mmoja. Kwenye safu ya sababu palikuwa na maneno mawili: zinajulikana wazi.

"Zinajulikana na nani?" Mukhisa akauliza.

Ndung'u akainua mabega. "Mzee, mimi nilikuta hivyo. Na mwenye alikuwa hapa mbele yangu alikuta hivyo."

Sasa sikiliza. Bwawa Namba Nne liko nyuma ya Kibomet, kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Lilichimbwa mwaka wa 1947 na halijashika maji kwa miaka thelathini. Ni shimo. Ni shimo la udongo mgumu lenye ukuta wa mawe upande mmoja, na mbuzi hula humo. Mukhisa alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mlinzi wa shimo! Hata angeomba kwa kupiga magoti asingepewa mfano mzuri kuliko huo.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, akaenda kumwona huyo mlinzi kwanza. Alimkuta saa kumi na moja jioni ameketi juu ya ukuta, Msabaot mzee, mtu wa mlimani, mwembamba, amevaa koti refu la serikali lililopauka. Jina lake lilikuwa Chesang.

"Mzee Chesang, unalinda nini hapa?"

"Nalinda jioni," Chesang akasema.

"Jioni inaibwa?"

Yule mzee hakucheka. Alitazama jua, akatazama shimo. "Mkaguzi, mimi najua wewe ni nani na najua umekuja kwa nini. Kabla hujafuta hii kazi, uliza kwanza ni kwa nini iliandikwa."

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Si maneno ya kusemea hapa. Na sasa tafadhali enda. Saa yangu ya kazi imekaribia."

Ebo! Mukhisa aliondoka amevimba. Miaka ishirini na saba alikuwa amesikia majibu ya namna hiyo kutoka kwa kila mtunza ghala mwenye gunia pungufu. Hayawezi kusemwa, mkubwa, si ya kusemewa hapa. Alifika nyumbani akaandika kurasa nne bila kunyanyua kalamu.

Mkutano wa maoni wa kanda nzima, Kitale ikiwemo, ulifanyika Bungoma mjini, ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Mukhisa alisimama na suti yake ya kijivu. Hakusoma karatasi. Alisema, "Ndugu zangu, mnaambiwa hakuna pesa za dawa. Mnaambiwa hakuna pesa za barabara ya Kamukuywa. Lakini iko pesa ya kumlipa mtu anayelinda bwawa lisilo na maji, ambalo hakuna anayeweza kulibeba hata akitaka!" Ukumbi uliangua kicheko. Watu walipiga meza. Mama mmoja alijifuta machozi kwa leso. Aliposema kwamba uchumi hautafufuka mpaka serikali ijifunze kuachilia, walisimama wote wakampigia makofi, na nawaambia alistahili, kwa sababu mengi aliyosema siku ile yalikuwa kweli.

Mwezi wa tisa kazi sita zilifutwa. Ya mlinzi wa bwawa ilikuwa ya kwanza. Chesang alirudisha koti lile ofisini likiwa limefuliwa na kukunjwa, akapanda zake mlimani kwa binti yake.

Wiki moja ikapita, watu wa Kibomet wakaanza kusikia mtu akiita.

Ilikuwa saa kumi na mbili unusu, wakati moshi wa jikoni unatanda na watu wanafunga kuku. Sauti ilitoka upande wa bwawa. Haikuwa ya kutisha, hilo ndilo baya lake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi yake, akiita majina kama nyapara anavyoita vibarua jioni kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Jina, kisha kimya. Jina, kisha kimya. Mbwa waliingia chini ya vitanda wakakataa kutoka.

Jioni moja sauti ile ikaita, "Mukhwana!"

Mukhwana alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kanisa la Friends, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa amepindua baiskeli ya mteja ananyoosha gurudumu. Akaitikia, "Naam, bwana!" kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoitika. Akaweka spana chini, akaondoka. Usiku alirudi akiwa kimya. Jioni ya pili akaenda tena, na ya tatu, kila siku akichelewa zaidi kurudi. Jioni ya saba hakurudi. Walimkuta asubuhi ndani ya bwawa amepiga magoti, amekufa, mikono imeingia matope mpaka viwiko. Matope mabichi, jamani, katika shimo ambalo halijaona tone miezi miwili.

"Moyo," Mukhisa akasema matangani. "Mtu anaweza kusimamishwa na moyo mahali popote." Watu walimtazama. Yeye mwenyewe aliondoka mapema, na njiani alijikuta anatembea upesi bila kujua kwa nini.

Roselyne hakuwa na desturi ya kuingia sebuleni kwa baba mkwe wake. Mkaza mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Akiwa na neno husimama nje ya mlango na kusema akitazama pembeni. Kwa hiyo siku ile alipoingia moja kwa moja na kusimama mbele ya kiti chake, Mukhisa aliweka gazeti chini.

"Baba, nisamehe. Sifuna ameanza kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Bwawani. Jana na juzi. Tulikuwa tunakula, akaitwa, akasema ndiyo bwana, akaacha sahani. Nikamshika shati, akanisukuma kama hanijui." Ndipo akalia, na alilia akiwa amesimama wima, bila kujifunika uso.

Jioni ile Mukhisa alikaa na mwanawe kibarazani wakizungumza habari za bei ya karatasi. Sifuna alikuwa mchangamfu, alimtania babake juu ya waraka wake mpya. Halafu sauti ikaita upande wa bwawa, mbali lakini wazi, "Sifuna!" na kijana akanyamaza katikati ya neno. Macho yakawa ya mtu mwingine. "Ndiyo, bwana," akasema, akainuka.

Mzee alimfuata akijikwaa mpaka bwawani. Alimkuta chini kabisa, anachimba ardhi ile ngumu kwa mikono mitupu, na pale alipochimba palikuwa na maji. Alimshika mabega akamtikisa. "Sifuna! Mwanangu! Ni mimi!"

Kijana alimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia anayemchelewesha. "Niache, mzee. Nyapara ataniona nimesimama."

Mukhisa alibaki ukutani analia mpaka kijana alipoachiliwa, saa tatu usiku, akarudi nyumbani akalala bila kula. Asubuhi hakukumbuka chochote ila kwamba mgongo unamuuma. Mukhisa hakufika kitandani. Alihesabu kwa vidole, na kila alipohesabu ilikuwa vile vile: ilikuwa jioni ya tatu, na Mukhwana hakuvuka ya saba.

Alfajiri alishika njia ya mlimani kumtafuta Chesang. Alimkuta nje ya nyumba ya binti yake, anapukuchua mahindi. Chesang alimkaribisha kwa kigoda na kikombe cha maziwa, bila kejeli hata kidogo, na hilo lilimuumiza Mukhisa zaidi ya matusi.

"Ni nani kwako ameitwa?" Chesang akauliza.

"Sifuna. Mtoto wangu."

"Amepewa jina la nani?"

"La baba yangu. Alitoka Kamukuywa akaja huku Trans-Nzoia kutafuta kibarua kwa wazungu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Hakurudi. Tulingoja mpaka mama akasema tuache kungoja."

"Mwaka gani?"

Mukhisa akahesabu miaka nyuma. Hakuwahi kuweka mambo hayo mawili pamoja. "Elfu moja mia tisa arobaini na saba," akasema polepole.

Chesang akaweka gunzi chini. Akamwambia yote, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekabidhi zamu. Bwawa lilipokuwa linachimbwa, ukingo uliporomoka jioni moja ukafunika watu kumi na moja pamoja na nyapara wao. Mzungu hakutaka kesi, hakutaka kuchelewa. Akajenga ukuta juu yao na kazi ikaendelea. Miezi michache baadaye nyapara akaanza kuita majina jioni, na jina lisipoitikiwa analitafuta majumbani. Walikufa wengi mwaka ule, wote wenye majina hayo. Mwishowe bwana mkubwa wa serikali pale Kitale akaelewa, au aliambiwa na mtu aliyeelewa. Akaandika mlinzi.

"Kazi ya mlinzi ni kuitikia, basi," Chesang akasema. "Anaita, nasema yupo bwana. Anaita, nasema yupo bwana. Kumi na moja. Akimaliza anaenda kulala. Mlinzi wa kwanza alikuwa baba yangu, halafu mimi. Lazima awe mgeni, asiwe na jina kati ya yale majina, asiwe na damu yao. Mtu wa damu akiitikia, huyo haitikii kama karani. Anaitikia kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika nini? Ati mlinzi ni mlevi."

Mukhisa alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, ikiwa bado na ukungu. "Rudi," akasema. "Nakuomba. Nitakulipa kutoka pensheni yangu, yote ukitaka. Si lazima serikali. Sisi watu wa pale tutachanga."

"Mkaguzi, unafikiri sikujaribu? Siku ya kwanza baada ya kurudisha koti nilisimama pale. Nikaitikia. Akaniuliza, wewe ni nani? Hujaandikwa. Akapita karibu na mimi hivi, akaenda kutafuta." Chesang akatazama mikono yake. "Nyapara ni mtu wa orodha. Anajua tu mwenye ameandikwa na serikali, ama mwenye damu. Na akipata wa damu akamaliza siku saba, lile jina analipiga mstari. Haliiti tena. Mukhwana haitwi tena, si umesikia?"

Kesho yake Mukhisa alikuwa Bungoma, ukumbi ule ule, kikao cha mwisho. Alikuwa hajanyoa. Alipoinuka watu walishangilia kabla hajasema kitu. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. Akasema anaomba ile kazi ya mlinzi wa Bwawa Namba Nne irudishwe, leo, na mtu aandikwe leo.

Kwanza walidhani ni mzaha wake. Walicheka vizuri. Kisha walipoona hacheki, kicheko kikabadilika.

"Mzee wetu," mwenyekiti akasema, "si ni wewe ulitufundisha hapa? Bwawa limepata maji?"

"Halina maji."

"Basi tupe sababu tuandike."

Ukumbi mzima ukamngoja. Aliangalia nyuso zile, walimu, wachuuzi, wakulima, watu aliowapigania miaka yote wasinyang'anywe jasho lao, na akajua kwamba akisema ukweli watamkamata mkono kwa upole na kumtafutia kiti. "Sababu zinajulikana," akasema. Mtu mmoja nyuma akapayuka, "Ati zinajulikana na nani, bana?" na ukumbi ukaangua tena.

Ndung'u alimfuata nje. Kijana yule hakuwa amecheka. Alikuwa anaishi Kibomet yeye pia, na alikuwa na masikio.

"Mzee, nitairudisha. Nakuapia kwa mama yangu. Lakini ni Julai, mwaka mpya wa pesa. Kabla ya Julai siwezi kuandika hata mfagizi. Hiyo sheria ni nyinyi mliipigania."

"Najua," Mukhisa akasema. "Ni sheria nzuri. Kata, Ndung'u. Endelea kukata, kuna mengi ya kukatwa. Lakini kabla ya kukata, keti chini umsikilize mwenye anafanya ile kazi. Mimi sikuketi." Akamshika mkono. "Wale wenye majina mengine waambie wahame, ama wazibe masikio mpaka Julai. Na umwandike mgeni."

Jioni ya sita walimfunga Sifuna kwa kamba kitandani, majirani wanne wakisaidia. Alipoitwa alikata kamba. Sijui alizikataje, mikono yake ilitoka damu na hakulia. Alirudi jogoo wanawika, akitembea kama mtu mwenye miaka themanini, na Roselyne alipomvua shati alikuta mabega yamechubuka pale ambapo mtu hubebea karai la udongo.

Siku ya saba Mukhisa aliamka, akaoga, akavaa nguo za shamba. Mchana kutwa alikaa na mwanawe aliyelala. Alimtazama tu. Alikumbuka alivyombeba siku ya kumpa jina, alivyosema mbele ya wazee wa Kamukuywa, huyu ni Sifuna, baba yetu amerudi. Alikuwa na furaha siku ile ambayo hakuipata tena kwa lolote. Sasa alitamani angemwita jina lolote lingine, jina la mti, jina la siku ya juma. Alilia kidogo, akajilaumu kwa kulia, akanyamaza.

Ilipogonga saa kumi na moja alimwita Roselyne. Alisimama mlangoni, umbali wa heshima.

"Mwanangu, leo hatatoka. Ataitwa lakini mimi nitakuwa nimefika kabla yake. Sasa nisikilize, na usinikatize."

"Baba."

"Mtapata watoto. Mungu atawapa. Kutakuja mtoto wa kiume, na wazee watakuja kutoka Kamukuywa, watasema huyu ni Mukhisa, mzee amerudi. Kataa. Mtoto akilia usiku kucha na bibi wote wa ukoo waseme analilia jina langu, kataa. Asiitwe Mukhisa. Asiitwe hata kwa utani, maana kuanzia leo jina hilo litakuwa kwenye orodha ya nyapara. Na mjukuu wake vile vile, na wa huyo pia."

Roselyne aliweka mkono mdomoni. Alikuwa Mbukusu, alielewa kile mzee alichokuwa anakitoa. Mtu ambaye jina lake halipewi mtoto, huyo hakuna mahali atakaporudi. "Baba, hiyo ni kukuzika mara mbili," akasema.

"Ndiyo. Niahidi."

Alimwahidi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alivuka ule umbali na kumshika baba mkwe wake mikono yote miwili, na hakuna aliyeona aibu.

Mukhisa alichukua jembe akaenda. Jua lilikuwa jekundu juu ya mahindi. Hakusimama ukutani alipokuwa anasimama Chesang. Alishuka mpaka chini kabisa, akasimama kwenye udongo mkavu. Alikuwa anaogopa, kwa nini nikudanganye? Aliogopa kama mtoto.

Nyapara akaanza kuita. Kutoka chini sauti haikuwa mbali tena, ilikuwa hapo juu ya ukuta, sauti ya mtu anayetaka kumaliza aende nyumbani. Nabiswa, kimya. Kipketer, kimya. Barasa, kimya. Kisha, "Sifuna!"

Huko nyumbani Sifuna alifungua macho na kuweka mguu chini.

"Hayupo, bwana," Mukhisa akasema. "Nimekuja mimi mahali pake. Mimi ni mtoto wa Sifuna."

Ilisikika karatasi ikigeuzwa.

"Jina?"

"Mukhisa."

"Andika," ile sauti ikajiambia yenyewe, na kalamu ikakwaruza. Huko nyumbani Sifuna alirudisha mguu kitandani, akamwambia mkewe ana njaa.

Udongo chini ya miguu ya Mukhisa ukalegea. Maji baridi yakapanda mpaka kwenye vifundo. Ndipo akasikia majembe, si moja, ni mengi, yakigonga kwa pamoja, na mtu aliyekuwa ameinama karibu yake akakohoa. Kikohozi kile alikijua. Alikuwa amekingoja mlangoni Kamukuywa, jioni baada ya jioni, akiwa na miaka tisa.

"Baba," akasema.

Yule mtu hakuinua kichwa wala hakuacha kuchimba. "Umemwacha nani nyumbani?"

"Sifuna."

"Yuko salama?"

"Yuko salama."

"Basi sogea hapa karibu," baba yake akasema, "hapa udongo ni laini kidogo."